Nilidhani ni Nyumba Ndogo, Kumbe ni Mkonga

*Akaunti ya kiwanja imepungua, simu inalazwa kifudifudi, Jumamosi mtu haonekani nyumbani. Kila mwanamke wa mjini anajua hizo ni dalili za nini. Na mimi nilijua, mpaka siku nilipokwenda kufumania.*

Meseji iliingia saa 4 usiku, mume wangu akiwa bafuni. Sina tabia ya kushika simu yake, naapa. Lakini kioo kiliwaka, na maneno yakanitazama usoni: "Mzigo umefika. Bodi kali, utapenda mwenyewe. Njoo kesho, peke yako."

Dada unayesoma hapa, hebu niambie ungefikiria nini. Mjini hapa mzigo ni mzigo na bodi ni bodi. Sikusema kitu. Niligeukia ukutani nikajifanya nimelala.

Hiyo ilikuwa Machi 2022. Tulikuwa na miaka 6 ya ndoa, binti wa miaka minne, nyumba ya kupanga Tabata, na akaunti ya pamoja tuliyokuwa tukidunduliza humo pesa ya kiwanja. Asubuhi nikaangalia salio. Shilingi 1,850,000 hazikuwepo. Zilikuwa zimetoka kidogo kidogo, mara tano ndani ya miezi minne. Niseme ukweli: meseji iliniuma, lakini ile hesabu ndiyo iliyonimaliza.

Fumanizi la Magomeni

Nikaomba ruhusa kazini. Nikapanda bajaji na kumwambia dereva, "Kaka, ifuate ile Vitz ya kijivu, lakini usiikaribie sana." Akacheka. "Dada tulia, hii kazi naijua."

Vitz ikaishia Magomeni, kwa mshkaji wake wa tangu chuo. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Hereni nilikuwa nimeshavua na kuziweka kwenye pochi. Nikaingia bila hodi.

Wanaume wawili wazima walikuwa wamechuchumaa juu ya mkeka, katikati yao boksi. Ndani ya boksi, badala ya mrembo, kulikuwa na bodi ya Land Cruiser ya plastiki ngumu, nyeupe, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Pembeni yake kulikuwa na chasisi ya chuma yenye matairi manne, springi, na nyaya zinazoning'inia.

"Shem, karibu," rafiki yake akasema, kana kwamba nimealikwa chakula cha mchana.

Nilicheka. Halafu nikalia. Halafu nikauliza kuhusu pesa, na hapo hakuna aliyecheka tena.

"Tulilila ukumbini"

Usiku ule tulizungumza mpaka adhana ya alfajiri. Kwanza alinipa somo. Magari haya ya rimoti wenyewe huyaita krola, yaani magari ya kutambaa. Hayakimbii; kazi yake ni kupanda mawe, polepole, mahali ambapo gari jingine la rimoti lingepinduka au kukwama. Mwaka 1987 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa lori la rimoti liitwalo Clod Buster, lenye mota mbili, moja juu ya kila ekseli. Wajuzi wakalifungua, wakachukua ekseli zake na kutengenezea magari ya kupanda miamba. Baadaye kampuni kama Axial ya Marekani, iliyoanza mwaka 2005, zikaanza kuuza magari ya namna hiyo yakiwa tayari ndani ya boksi. Na kuna watu, kama mume wangu, ambao gari la kwenye boksi haliwatoshi. Wanataka lifanane na gari fulani wanalolijua wao, kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara kumi.

Mimi sikutaka historia. Nilitaka kujua kwa nini pesa yetu ya kiwanja.

"Hili ni la mzee," akasema.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Lushoto. Tangu mwaka 1998 alikuwa na pikapu ya Land Cruiser, ile safu ya 75 yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, lita 4.2. Ilikuwa na ule mrija wa kuvutia hewa unaopanda pembeni ya kioo cha mbele, kwa hiyo kijiji kizima waliiita Mkonga. Ilibeba kabichi, karoti na matunda kuteremka mpaka Mombo, na wakati wa mvua ilibeba wagonjwa. Mimi niliiona mara moja tu, siku niliyopelekwa kutambulishwa. Mwaka 2016, wiki mbili kabla ya harusi yetu, iliuzwa. Mimi niliambiwa mchango mkubwa wa mzee umetokana na mavuno.

"Kwa hiyo gari liko wapi sasa?" nikauliza, kwa ujinga wangu.

"Tulilila," akasema. "Wewe, mimi, na watu 350. Tulilila ukumbini."

Nikakumbuka keki ya ghorofa tano. Nikakumbuka matarumbeta kutoka saluni mpaka ukumbini, sare za kamati, mapambo yaliyotupwa kesho yake asubuhi. Ni kweli hakuna aliyeniambia. Lakini nakumbuka vizuri nani alikataa ukumbi mdogo. Ni mimi.

Kwa miaka 6 mwenzangu alikuwa akilala na siri hiyo ubavuni kwangu. Uwezo wa kumnunulia mzee gari jingine hakuwa nao, basi akaamua amtengenezee dogo, tena kwa pesa ya kiwanja, tena kwa kificho. Palikuwa na kosa hapo, na palikuwa na uchungu, na usiku ule sikuweza kuvitenganisha.

Nilimpa masharti matatu. Kila mwezi arudishe 150,000 kwenye akaunti mpaka deni liishe. Gari lihamie nyumbani, maana siri nyingine Magomeni siitaki. Na lisiongezewe hata shilingi bila mimi kujua.

Milimita 15

Kwa wiki sita sikuligusa. Lilikaa juu ya meza ya chakula kama mgeni asiyeaga. Sasa, mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya wasanifu majengo, na kazi yangu kubwa ni maketi. Nakata kuta za nyumba za watu kwa wembe na rula siku nzima. Usiku mmoja nikapita na kikombe cha chai, nikaona jinsi alivyoweka bodi juu ya chasisi. Nikapita mara ya pili. Mara ya tatu nikashindwa.

"Limepinda," nikasema. "Na ni refu mno."

Tukachukua vipimo. Kwenye pikapu ya safu ya 75, kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma ni milimita 2,980. Ukipunguza mara kumi unapata 298. Chasisi yake ilikuwa na 313. Tofauti ya milimita 15 yeye aliiona ndogo. Nikamwambia kwenye maketi zangu za 1:100, milimita 15 ni mita moja na nusu. Hapo umeshamfutia mtu choo.

Ekseli ya nyuma ya krola hushikwa na vyuma vinne vyembamba, viwili juu na viwili chini, kila kimoja na kifundo kinachozunguka kila mwisho. Ndiyo maana ekseli inaweza kulala upande mmoja huku bodi ikibaki imetulia. Ukivifupisha vyuma, ekseli inasogea mbele. Tulimpelekea fundi mmoja wa Gerezani atuchongee vingine vifupi. Alivipokea, akavigeuzageuza, akauliza kama ni vya mashine ya kushonea.

Kasoro ya pili ilikuwa usoni. Bodi iliyonunuliwa ilikuwa ya milango minne na yenye pua pana, kwa sababu mwaka 2007 Toyota waliipanua pua ya Land Cruiser za safu ya 70. Gari la mzee lilikuwa la zamani, la uso mwembamba na taa za duara. Milioni na ushee imetoka, na sura siyo!

Basi tukaikata. Paa, kioo cha mbele na milango miwili vikabaki. Vingine vyote tulivijenga upya kwa shiti za plastiki za milimita 1 na milimita 1.5. Jumamosi moja tulikwenda Buguruni kwenye yadi ya mbao, ambako niliwahi kuiona pikapu kama ile. Tukamwomba mwenyewe ruhusa, tukaipima kila kona kwa futi kamba huku vijana wakituuliza kama tunataka kuinunua. Taa halisi zina kipenyo cha karibu sentimita 18, kwa hiyo zetu zilikuwa milimita 18. Vioo vyake tulivikata kwenye chupa ya maji. Mkonga wenyewe ulitokana na bomba la peni.

Wakati wa kukata, mume wangu alianza kunisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Jinsi alivyokuwa akitengeneza magari ya waya na matairi ya kandambili zilizokatika, akiigiza Mkonga, mpaka ule mrija aliuweka kwa bua. Jinsi mzee alivyokuwa akishuka kwanza, anaitembelea njia mbovu kwa miguu, ndipo anarudi kuingia kwenye usukani. Miaka 6 ya ndoa, na mimi ndiyo kwanza nakutana na huyu kijana wa Lushoto. Binti yetu naye akapewa cheo: mkuu wa msasa.

Kwa nini linapanda

Wapo mtakaouliza gari dogo lina nini cha ajabu. Na mimi niliuliza. Jibu liko kwenye difu. Gari la kawaida, tairi moja likining'inia hewani, nguvu inakimbilia huko huko hewani na gari linakwama. Kwenye krola difu zimefungwa, za mbele na za nyuma, kwa hiyo tairi zote nne huzunguka kwa pamoja. Hata likibaki tairi moja tu juu ya jiwe, hilo moja litavuta. Hasara yake ni kwamba kwenye sakafu ya vigae linakata kona kwa uvivu sana, kama basi.

Mota yetu ni ya 35T, maana yake imezungushiwa waya mara 35. Mizunguko ikiwa mingi, mota huenda taratibu zaidi na unaitawala vizuri. Ukiachia kidole, gari linajifunga breki hapo hapo, hata kwenye mteremko. Matairi ni ya mpira laini sana, na ndani yake hakuna upepo wa kujaza. Kuna sponji, na tundu dogo la kupumulia, ili tairi libonyee na kulikumbatia jiwe.

Kwenye matairi ndipo tulipogombana tena. Tairi halisi la pikapu ile, 7.50R16, lina kipenyo cha karibu sentimita 80. Kwa hiyo mfano unataka sentimita 8. Lakini matairi mengi ya krola za kipimo hiki yana sentimita 10 hadi 12, kwa sababu tairi kubwa ndilo linalopanda. Ukiweka makubwa, gari la mzee linageuka gari la katuni. Ukiweka madogo, linakwama kwenye kila kokoto. Sura au uwezo? Mume wangu, mtu wa kupanda, alitaka makubwa. Mimi, mtu wa maketi, nilitaka 8 kamili. Siku mbili tulinuniana kwa ajili ya matairi. Tukaishia 9, na mpaka leo kila mmoja anaamini ni yeye aliyeshinda.

Kipigo cha Coco Beach

Jaribio la kwanza tulilifanya Coco Beach maji yakiwa yamekupwa, kwenye ile miamba ya matumbawe. Watu waliacha mihogo yao wakaja kutazama. Gari likapanda jiwe la kwanza vizuri. La pili likainua pua, likasita, likaanguka chali. Mara nne! Mkonga ukakatika, watoto wakashangilia.

Kosa letu lilikuwa uzito. Plastiki yote tuliyoongeza ilikaa juu na nyuma, na betri pia tuliiweka nyuma. Krola hutaka uzito uwe chini, na zaidi ya nusu yake uwe mbele. Tukaihamishia betri mbele. Kisha nikaenda kwa mafundi wa matairi, nikanunua zile risasi za kubandika za balansi, nikazipanga kwa ndani kwenye rimu za mbele, gramu 120 kila upande. Risasi ni sumu, kwa hiyo kazi hiyo niliifanya mtoto akiwa amelala, na mikono nikaiosha kwa sabuni.

Kosa la pili lilikuwa uvivu. Tulirudi tumechoka, hatukulisafisha. Baada ya wiki beringi zikaanza kulia. Chumvi ilikuwa imeshazila. Ilibidi zinunuliwe mpya zote. Safari hiyo aliniletea bei mkononi, kwa karatasi, kabla ya kutoa hata senti. Pengine kwenu ni jambo dogo. Kwangu lile karatasi lilikuwa zaidi ya maua.

Aprili 2023 akarudisha shilingi 50,000 za mwisho. Hatukufanya sherehe. Alinionyesha salio tu, nikasema asante.

Kioo cha kushoto

Desemba 2023 tukapanda nalo Lushoto, limefungwa kwenye khanga ndani ya boksi la viatu vya buti. Lilikuwa na rangi ya krimu kama lile kubwa, na nyuma binti yetu alikuwa amelipakia kabichi za udongo wa kuchezea.

Mzee alikuwa amekaa barazani. Miguu yake haina nguvu tena, anatembea kwa mkongojo. Mume wangu hakutoa hotuba. Aliliweka gari chini, kwenye zile ngazi za mawe zinazopanda kutoka njiani, akampa rimoti na kumwonyesha kidole gumba kikae wapi.

Gari likapanda ngazi ya kwanza. Ya pili likasita, tairi la mbele likatafuta, likashika, likapanda. Mzee hakusema kitu. Kwenye ngazi ya nne alilisimamisha, akalirudisha nyuma kidogo, akalielekeza pembeni, akapita mahali ambapo sisi tusingepaona. Lilipofika miguuni pake alilitazama kwa muda mrefu.

"Kioo cha kushoto hakikuwepo," akasema. "Kiling'olewa na mti mwaka 2009."

Mume wangu akainama, akakivunja kioo cha pembeni cha kushoto kwa kucha. Tak! Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sote tukacheka, na sote tulikuwa tunajipangusa macho.

Jioni, nikimpelekea maji ya kunawa, nikapata ujasiri. "Baba, sikujua kuhusu gari. Naomba unisamehe."

"Lilikuwa limechoka, mwanangu," akasema. "Na harusi ilikuwa nzuri."

Nilishukuru, nikaondoka nimepumua. Gari tuliliacha kwake, juu ya kabati la redio, na shemeji yangu tukamfundisha kuchaji. Njiani kurudi, tulipokuwa tunateremka Soni, nikamwambia mume wangu alichosema mzee. Alikaa kimya kona mbili tatu.

"Lilikuwa limefungwa klachi mpya mwezi ule ule," akasema.

Hatukuongea tena mpaka Mombo. Lakini alikuwa amenishika mkono.

UKITAKA KUANZA

Anza na gari zima. Nunua chasisi inayotembea, ijue kwanza, ndipo ubadilishe bodi. Kuagiza kipande kimoja kimoja kutoka nje kunakula nauli na muda.

Chagua gari unaloweza kulipima. Picha zinadanganya. Tafuta lile halisi, omba ruhusa, chukua futi kamba.

Iheshimu betri. Za lithiamu polima zina nguvu na zina hasira. Usiichaji ukiwa umelala au umetoka; iweke juu ya vigae, mbali na pazia, na utumie chaja inayosawazisha seli. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, isishuke chini ya 3. Ya kuhifadhi iache kwenye volti 3.8. Ikivimba, achana nayo. Anayekuletea betri ya akiba kwa ndege aibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini.

Likitoka baharini, lioge. Maji baridi kidogo, kitambaa, kisha tone la mafuta kwenye beringi. Siku hiyo hiyo.

Mwambie mwenzio bei. Kila mtu ana haki ya kitu chake cha kumtuliza moyo: wengine mpira, wengine vitenge. Tengeni kiasi kila mwezi ambacho hakiulizwi. Kikizidi hapo, kiwekwe mezani, na bei yake, kabla ya meseji kuingia saa 4 usiku.